Siku Isiyo ya Zamu

Mtaani kwetu Nkuhungu maji ni Jumatatu na Alhamisi.
Tunajua. Jumapili jioni ndoo zimeshasuguliwa,
mipira imenyooshwa, na hata usingizi
tunaulaza upande wa bomba.

Barua imekuja Jumanne.

Walisema miezi kumi na sita, labda na zaidi.
Huu ni wa saba. Nilikuwa nasahihisha insha za Kidato cha Nne,
simu ikatetemeka juu ya meza, ikajisogeza yenyewe
hadi ukingoni, nikaidaka kwa mkono wenye wino mwekundu:
ombi limekubaliwa, mke wa Yoeli Mhembano,
mkazi wa kudumu wa nchi
ambayo sijawahi kuinusa.

Sikupiga kigelegele. Nilitafuta ndoo.

Maana nilikuwa nimepanga. Nani asiyepanga?
Mchezo wetu wa akina mama, zamu yangu ni Mei.
Kodi ya nyumba nimelipa hadi Juni.
Wanafunzi arobaini na mmoja, mtihani Novemba,
na yule Chilongani wa dawati la nyuma, aliyeanza juzi tu
kuweka nukta mwisho wa sentensi.
Shamba la Mpunguzi, nusu eka, zabibu bado kijani,
ngumu kama gololi, mavuno hadi Machi.
Yote niliyapima kwa ile miezi kumi na sita
kama fundi apimavyo kitambaa,
na sasa mteja kaja, analitaka gauni leo.

Halafu kuna mapafu.
Picha ya kifua niliyopigwa Aprili mwaka jana
nguvu yake inaisha tarehe kumi na nne,
na ruhusa inaisha nayo.
Mapafu yangu yana tarehe ya mwisho
kama maziwa ya pakiti.

Yoeli alipiga usiku, kwake mchana: "Njoo hata kesho!"
Kesho yake: "Au ngoja kidogo,
baridi ya huku inakata masikio."
Siku ya tatu akanyamaza kitambo, akasema
bado anaishi na Wahabeshi wawili, chumba kimoja,
alidhani ana muda.
Nikacheka. Mkeo naye alidhani.

Ndipo nikaona nisichopenda kukiona:
tumeoana miaka mitatu,
tumelala pamoja siku thelathini na nane.
Kusubiri tunakujua. Tumekubobea.
Tulipeleka kurasa mia mbili na kumi za ushahidi wa mapenzi,
risiti, picha, salamu za saa tisa usiku,
na hakuna ukurasa hata mmoja
unaosema nani kati yetu huacha taa ikiwaka,
nani hununa akiwa na njaa.
Ofisa aliamini. Anayeogopa ni mimi.

Mama hakuuliza naondoka lini.
Aliuliza friji namwachia nani,
na kama ni ya kuuza, basi iwe bei ya mama.
Dada anasema nenda, kabla hawajabadili mawazo.
Mkuu wa shule anasema notisi ni miezi mitatu, mwalimu, ndiyo sheria;
akahesabu kwa vidole, wiki mbili zinapungua,
akaziacha zipungue.

Basi nimekata hivi, bila futi:
zabibu nitazichuma, hata zikiwa na ukali kidogo.
Mei yangu nimebadilishana na Sechelela wa genge,
yake Februari.
Chilongani nitamwachia kalamu nyekundu.
Tarehe tisa Aprili, treni ya umeme ya asubuhi,
siku tano kabla mapafu hayajachacha.
Yoeli atafute chumba. Akikosa,
Wahabeshi watanizoea.

Leo Jumatano. Usiku huu nimesikia bomba likikohoa
nje ya ratiba, likatema kutu, likanyamaza,
kisha likafunguka.
Nimetoka na sufuria, beseni, birika la chai,
na ile chupa ya maua ya harusi,
pekupeku,
nikakinga.